Saa ya Kwanza Huongopa: Mishumaa 41 ya Nta ya Nyuki Jikoni Kwangu Dodoma

Kaunta buku ninayoandikia mishumaa yangu imefika namba 41. Kati ya hiyo yote, ninayoweza kumpa mtu akaiwashe nyumbani kwake nami nikalala usingizi ni mitano. Mingine ilizimika yenyewe, au ilitoa masizi, au ilichimba shimo katikati ikaacha nta imesimama pembeni kama ukuta wa kisima. Mmoja ulipasua glasi juu ya meza ya watu. Huo ndio ulionifanya niandike haya.

Mimi si fundi mishumaa. Ni mtu wa ofisini, mzaliwa wa Tanga, niliyehamia Dodoma wakati ule watumishi tulipoifuata Serikali baada ya tangazo la 2016. Tumepanga Nkuhungu. Kilichoniingiza humu ni bonge la nta. Nilikwenda Soko la Majengo kununua asali, muuzaji akanionyesha kitu cha ukubwa wa nusu tofali, rangi ya sukari guru, akasema ni nta ya nyuki wa porini upande wa Kondoa, kilo shilingi 13,000. Ilinukia vizuri mno. Nikachukua kilo mbili bila kujua nitazifanyia nini. Wazo la mshumaa lilinijia kwenye daladala wakati wa kurudi: nta ninayo, uzi upo, glasi zipo, kazi iko wapi?

Kazi ilianzia kwenye sufuria. Niliikatakata nta nikaiweka moja kwa moja juu ya jiko la gesi. Maji yakitaka kuchemka yanakupa taarifa: yanatokota, mfuniko unacheza. Nta haina adabu hiyo. Inayeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 hivi, kisha inatulia kimya huku joto likipanda, na dalili ya kwanza utakayoiona ni moshi. Mimi niliuona nikadhani ni mvuke. Mke wangu alipita mlangoni akasimama. "Baba Zuhura, hiyo kitu inataka kuwaka." Nikanyoosha mkono kuchukua jagi la maji. Bahati yangu yeye alishafika jikoni, akazima gesi na kufunika sufuria.

Jagi lile nalikumbuka mpaka leo. Nta ikishika moto ukaimwagia maji, maji yanazama chini yake, yanageuka mvuke ghafla na kuirusha nta inayowaka hadi darini, na usoni mwako. Ni kama mafuta ya kukaangia tu. Zima jiko, funika, usiisogeze sufuria, ondoka. Tangu siku hiyo nayeyushia kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji, moto mdogo. Maji hayapandi zaidi ya pale yanapochemkia, na hapa kwetu, kwa kuwa tuko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Hata hivyo nta ya nyuki ikipita 85 inaanza kupoteza rangi na harufu yake, kwa hiyo nilinunua kipimajoto cha 15,000. Ningekinunua kabla ya nta.

Mishumaa minne ya mwanzo ilikuwa inawaka dakika 20, mwali unasinyaa, unazimika. Nililaumu utambi. Kumbe nta ilikuwa chafu: mabaki ya asali, vipande vya masega, gundi ya nyuki. Uchafu huo haupandi na nta iliyoyeyuka. Unaganda kwenye utambi na kuuziba. Nikaamua kuiosha, yaani kuiyeyusha pamoja na maji, kuichuja kwa kipande cha kanga kuukuu, kuiacha igande juu ya maji na kukwangua uchafu ulioshikamana na upande wa chini. Njia ni sahihi. Nilichokosea ni maji. Nilitumia ya bomba, na maji yetu mengi Dodoma yanatoka visimani, ni magumu. Nta ilitoka laini kama sponji, nyeupe-nyeupe, inavunjika vidoleni, na ndani ina unyevu. Mshumaa wa nta ile ulikuwa unapasuka ta! ta! kama mahindi ya bisi.

Niliibeba kwenye mfuko hadi kwa yule muuzaji. Hakuwepo, kibandani alikuwepo mzee mmoja anayemletea mzigo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Mbukwa," akaongeza salamu ya Kigogo. Akachukua kipande, akakiminya kwa kidole gumba. "Uliosha na maji gani haya?"

"Ya bomba."

Akacheka. "Maji hayohayo yanaacha chokaa kwenye birika lako. Kwenye nta ulitaka yaache nini?"

Akaniambia nikinge ya mvua. Nami nilikuwa mwezi wa saba, na Dodoma mwezi wa saba mvua unaisimulia tu. Ikabidi ninunue maji ya chupa, ya lita 12. Baadaye nilikuja kusoma kuwa chokaa ya maji magumu hushikana na asidi zilizomo ndani ya nta na kufanya kitu kama sabuni, ndiyo maana inakuwa sponji. Msimu wa mvua ulipofika nilijaza madumu matatu, nayo hayaguswi na mtu kwa kufulia. Sufuria nayo ina maneno: chuma chenye kutu na shaba vinaiharibu nta rangi. Ya stenlesi haina tabu.

Sasa utambi. Hapa ndipo zilipoishia fedha na jioni zangu.

Nilianza na uzi wa dekio jipya, nikiamini ni pamba. Haukuwa pamba tupu. Kuna jaribio la nusu dakika ambalo lingeniokolea mishumaa sita: kata kipande cha uzi, kiwashe kwa kiberiti, kizime, kinuse. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kubaki jivu linalopukutika. Uzi wa plastiki unajikunja na kubaki kidonge kigumu cheusi. Kama kuna kidonge, rudisha dukani.

Kisha nikapata wazo la utambi wa jiko la mafuta ya taa. Ni pamba kweli, na unapatikana kila duka la vyombo. Lakini umetengenezwa kunyonya mafuta mepesi kwa wingi. Kwenye glasi yangu ya upana wa sentimita 7 ulitoa mwali mrefu kuliko kidole changu cha kati, masizi yakapanda ukutani, na Zuhura akauliza kama tunarudi kwenye kibatari.

Zuhura mwenyewe ndiye aliyelitatua. Ana miaka 12, ndio kwanza amejua kusuka nywele, anasuka kila kinachosukika. Nilimpa nyuzi za pamba za kushonea magunia, akanisukia tambi za nyuzi tatu-tatu, kisha za tatu zenye mbili-mbili ndani, zimebana vizuri. Tofauti niliiona usiku uleule. Utambi uliosokotwa kama kamba husimama wima katikati ya mwali, ncha haiungui ikaisha, masizi yanajikusanya juu yake yakafanya kitu kama uyoga. Uliosukwa unajipinda kidogo. Ncha yake inatoka pembeni mwa mwali, inakutana na hewa, inaungua na kwisha. Nilimwambia mwanangu kwamba Mfaransa mmoja, Cambacérès, ndiye anayetajwa kuleta tambi za kusuka mwaka 1825. Akauliza huyo Mfaransa alilipwa shilingi ngapi kwa utambi. Tukakubaliana 200 kila mmoja.

Kosa jingine la utambi lilitokana na ubahili. Ili nisiharibu nta ya asali, niliyeyusha mishumaa ya dukani na kupimia tambi humo. Nilipopata utambi uliowaka vizuri nikaupeleka kwenye nta ya nyuki. Ukazama. Mishumaa ya dukani ni parafini, inayeyuka upesi na kupanda kwenye utambi kwa wepesi. Nta ya nyuki ni nzito, inataka utambi mnene zaidi kwa glasi ileile. Majibu ya nta moja hayahamii kwenye nyingine. Hata ukichanganya mafuta ya nazi kidogo ndani ya nta, kama nifanyavyo sasa ili isipasuke kwenye glasi, unaanza kupima upya. (Alizeti nimejaribu pia, maana huku ndiyo kwao. Nta ilitoka jasho, na sebule ikanuka chipsi.)

Kwa hiyo kupima ni kupi? Mwanzoni nilikuwa nawasha mshumaa, nautazama saa nzima nikinywa chai, nauona umetulia, naandika "safi". Huko siko kupima. Saa ya kwanza mshumaa karibu wowote hupendeza: glasi imejaa, mwali uko juu penye hewa, nta iliyoyeyuka bado ni kidogo. Maovu yake yanatoka baadaye.

Sasa nafanya hivi. Namimina mishumaa mitatu inayofanana kila kitu: nta kutoka kopo moja, glasi za aina moja, na utambi uliopita kwanza kwenye nta ya moto ili usiwe na hewa ndani. Utambi naushikilia katikati ya glasi kwa vibanio viwili vya nguo. Nasubiri siku kadhaa kabla ya kuwasha. Nakata utambi ubaki milimita 6, naupima mshumaa kwenye mizani ya jikoni, nauweka juu ya sinia lenye mchanga wa korongoni, nawasha. Kila saa nachukua rula: kidimbwi cha nta kina upana gani, kina chake kikoje, mwali ni mrefu kiasi gani, kuna masizi, je, glasi naweza kuishika kwa mkono bila kuitupa? Naandika. Saa ya nne nazima, hata kama unapendeza, naacha upoe kabisa, napima uzito tena. Kesho yake nakata utambi na kuanza upya, hivyohivyo mpaka nta ibaki kama sentimita moja. Hapo mshumaa umekwisha, hauwashwi tena.

Watu husema kidimbwi kipanuke sentimita 2.5 kwa kila saa. Kwa glasi yangu ya sentimita 7 hiyo ni karibu saa tatu kufika ukingoni. Mshumaa namba 29 ulifika ukingoni kwa dakika 50 tu, nikashangilia. Ilikuwa dalili mbaya: utambi ulikuwa mkubwa mno, na kufikia katikati ya glasi ulishakuwa tanuri. Namba 33 uliacha nta pembeni siku ya kwanza, nikataka kuutupa, mke wangu akasema uache. Siku ya tatu, glasi ilipokuwa na joto la kutosha, ile nta ya pembeni ikashuka yote. Namba 33 ni mmoja wa ile mitano. Unakula gramu 4 na nusu hivi kwa saa, na ulimaliza siku nane za kupimwa.

Kuzima nako kuna namna yake. Ukipuliza, nyumba inajaa moshi. Chukua kijiti cha mishikaki, ulaze utambi ndani ya nta iliyoyeyuka, uunyanyue tena usimame katikati. Moshi hakuna, na kesho unawaka kwa kiberiti kimoja.

Kilichonipotezea muda kuliko vyote ni kubadili vitu viwili kwa mara moja. Namba 15 hadi 22 nilibadilisha utambi, nikaongeza mafuta ya nazi, na nikahamia glasi nyingine wikiendi hiyohiyo. Baadhi iliwaka vizuri, baadhi vibaya, na mpaka leo siwezi kusema kwa nini. Kurasa zile za daftari ni bure kabisa.

Upepo ulinidanganya pia. Kiangazi Dodoma unavuma mchana kutwa, na mimi nilikuwa nimeweka sinia chini ya dirisha. Mwali unaochezacheza hutoa masizi hata kama utambi ni mzuri. Niliikataa mishumaa mitatu isiyo na hatia. Tafuta kona tulivu, chumba kiwe na hewa lakini isiyopita juu ya mshumaa, na feni izimwe. Baridi ya usiku ya mwezi wa saba nayo inaigandisha nta haraka mno, inapasuka kama udongo wa mbuga. Siku hizi nazipasha glasi kabla ya kumimina, kisha nazifunika kwa boksi na blanketi hadi asubuhi.

Sasa ile meza.

Dodoma kuna zabibu, na penye zabibu kuna chupa za mvinyo. Jirani yetu, mama mmoja mchangamfu, ana ndugu mwenye ukumbi, akaniletea chupa tupu kumi. Nilizikata kwa kikata kioo, nikazisugua kingo kwa msasa, zikapendeza kuliko glasi yoyote niliyowahi kununua. Nikamimina miwili, nikawasha mmoja kwa saa moja. Safi. Mama jirani alikuwa na sherehe ya kipaimara cha mwanawe Jumamosi ile, akaniomba. Nilijua sijamaliza kupima. Lakini alivyoisifia mbele ya mke wangu, nikaona nitaonekanaje nikisema bado?

Nikampa yote miwili, hata ule niliokwisha kuuwasha.

Aliiwasha saa kumi jioni. Kufikia saa nne usiku wageni bado wapo, na hakuna aliyekuwa akiitazama, nani atazame mshumaa kwenye sherehe? Mmoja ulikuwa umeshuka chini kabisa. Mwali ukiwa chini ndani ya kioo, joto halina pa kwenda, linarudi kwenye kuta. Nta iliyobaki ilikuwa majimaji yote, utambi umekaribia kitako, na ile kingo niliyoikata mwenyewe ilikuwa na nyufa ndogo zisizoonekana. Glasi ilipasuka kutoka juu hadi chini. Nta ikatembea juu ya kitambaa cha meza, utambi ukaifuata ukiwa bado unawaka. Shemeji yake akaufunika kwa sufuria ya pilau. Hakuna aliyeungua.

Nilikwenda asubuhi na mapema. Meza ilikuwa na doa jeusi la ukubwa wa kiganja. Nilijiandaa kutukanwa, ningeona afadhali. Yeye alinikaribisha kiti, akaniuliza kama watoto wameamka salama, kisha akasema, "Baba Zuhura, ungeniambia tu haujakamilika. Ningeweka maua." Nililipa kitambaa na fundi wa kuipiga meza vanishi, 35,000. Alikataa mara mbili, ya tatu akapokea kwa sababu mke wangu ndiye aliyempelekea.

Chupa nane zilizobaki nimepandia vitunguu majani. Situmii tena glasi niliyoikata mwenyewe. Natumia za jemu, kioo kinene, kitako bapa.

Kwa anayetaka kujua fedha: nta kilo 6 ni 78,000, mizani 25,000, kipimajoto 15,000, nyuzi na mishahara ya Zuhura 18,000, sufuria 12,000, mtungi mdogo wa gesi 24,000, meza ya watu 35,000. Na 20,000 ya fundi bomba, kwa kuwa siku moja niliosha kopo la nta kwenye sinki kwa maji ya moto, nta ikasafiri nusu mita ndani ya bomba ikapoa humo. Kopo unalifuta kwa gazeti likiwa bado la moto, na gazeti unawashia jiko la mkaa. Jumla 227,000. Kwa fedha hiyo ningenunua mishumaa ya dukani ya kutosha giza la miaka kadhaa, na mke wangu amekwisha nifanyia hesabu hiyo kwa sauti. Lakini nta ya mishumaa iliyofeli haipotei. Inarudi kwenye kopo, inachujwa, inakuwa namba nyingine.

Juzi mama jirani alibisha hodi. Amesikia kwa Zuhura kwamba kuna mishumaa sasa haipasuki, anataka mmoja wa mezani kwake. Ile mitano imeshaungua hadi mwisho, ndiyo maana naijua. Niliokuwa nao juu ya sinia ni pacha wa namba 33, lakini wenye mafuta ya nazi kiasi kipya. Nikamwambia huu umewaka kwa saa nane tu, bado zaidi ya ishirini.

Akauinamia, akaunusa, akautazama mwali.

"Basi nitasubiri," akasema, akavuta kigoda. "Chai ipo?"